Njia Mbili za Mwalimu: Uamuzi wa Machi 1955

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, nyumba za wachungaji katika Nyanda za Juu Kusini hupata wageni vijana. Iwe Iringa mjini, iwe Mbeya, iwe mtaa mdogo wa kijijini, huja jioni wakisema wamekuja kusalimia tu. Tunawakaribisha chai, tunaulizana habari za mahindi na bei ya viazi. Neno lenyewe hutoka wakati wa kuaga. “Mchungaji, ninapenda mambo mawili, na nimeshindwa kuchagua.” Mmoja anapenda uuguzi na anapenda muziki, maana ndiye anayepiga kinanda cha kwaya ya vijana. Mwingine amepangiwa ualimu, lakini moyo wake uko pia kwenye shamba la babu yake na miche ya parachichi. Mwingine anataka chuo cha theolojia na anataka sheria, na baba yake anataka sheria peke yake.

Ugumu wa swali hili ni kwamba hakuna dhambi ndani yake. Mafundisho ya Kipaimara yalimwandaa kijana kuchagua jema na kukataa baya. Amri Kumi anazijua. Lakini uuguzi na muziki vyote ni vyema, na hakuna amri inayomwambia lipi aliweke chini. Ndiyo maana huja kwa mchungaji, na ndiyo maana mchungaji naye huchelewa kujibu.

Wazee wetu hujibu kwa methali. Mshika mawili, moja humponyoka. Njia mbili zilimshinda fisi. Hatuzidharau methali hizi, ila hiyo ya fisi inatutia shaka kidogo. Fisi alifika njia panda akasikia harufu ya nyama pande zote mbili, akataka kuzifuata zote kwa mpigo, akapasuka msamba. Tuangalie basi alichokuwa akikitafuta: chakula chake mwenyewe. Methali inamfaa mtu anayeuliza ni njia ipi itakayomshibisha. Mkristo ana swali jingine la kuuliza pale njia panda, nalo ni nani anayesubiri mbele ya njia hiyo.

Katika makala haya tumeona vema tumjibu kijana wetu kwa historia, na historia tuliyoichagua ni ya mtu ambaye kila Mtanzania humwita kwa jina la kazi aliyoiacha.

Julius Kambarage Nyerere hakuwa Mlutheri. Alikuwa Mkatoliki, aliyebatizwa mwaka 1943 akiwa kijana wa miaka 21. Alizaliwa Butiama mwaka 1922, akaanza shule Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akaenda Tabora mwaka 1937, kisha Makerere, Uganda, alikosomea ualimu kuanzia 1943 hadi 1945. Mwaka 1946 alianza kufundisha Tabora katika shule ya wamisionari ya Mtakatifu Maria. Alifundisha baiolojia. Mwaka 1949 alikwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi mwaka 1952 na shahada yake. Mwezi wa Januari 1953 alifunga ndoa na Maria, na akaanza kufundisha historia katika Chuo cha Mtakatifu Francis, Pugu, kiasi cha kilomita 20 kutoka katikati ya Dar es Salaam.

Tunayataja haya yote ili ieleweke kwamba ualimu kwake haukuwa kazi ya kungojea kazi nyingine. Alikuwa ameujenga kwa miaka karibu ishirini ya shule, na alijua kufundisha. Kama angekuwa mwalimu mbaya, uamuzi wa 1955 usingekuwa na uzito wowote, maana kuacha usichokipenda si sadaka.

Lakini huko Pugu pendo la pili lilikuwa limekwisha kukua. Mwaka huohuo wa 1953 alichaguliwa kuwa Rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika ambacho hadi wakati huo kilikuwa zaidi cha kukutana na kuzungumza. Tarehe 7 Julai 1954 chama hicho kiligeuzwa kuwa TANU, naye akawa Rais wake. Mwalimu wetu akawa mtu wa njia mbili: siku za kazi yuko darasani, jioni na mwisho wa juma yuko mjini katika mikutano. Mtu mwenye nguvu anaweza kuishi hivyo kwa muda. Vijana wetu wengi wanaishi hivyo hata sasa, na hatuwalaumu. Si kila mwenye mapenzi mawili analazimika kuchagua leo.

Yeye alilazimishwa. Mwaka 1953 serikali ya kikoloni ilikuwa imewakataza watumishi wake kujiunga na vyama vya siasa. Amri hiyo iliwakata wengi miguu, kwa sababu Waafrika waliosoma wakati ule, karibu wote, walikuwa makarani, walimu, waganga wasaidizi na maofisa wa serikali. Huku kwetu pia, tangu Iringa hadi Tukuyu, aliyejua kuandika barua ya chama kwa Kiingereza mara nyingi ndiye aliyekula mshahara wa serikali. Pugu ilikuwa shule ya misheni, na hilo lilimpa Nyerere nafasi ambayo wenzake hawakuwa nayo. Hata hivyo shule za misheni zilipokea ruzuku ya serikali, na anayeshika mfuko huwa ana sauti.

Mwezi wa Machi 1955 alisafiri hadi New York. Tarehe 7 alizungumza mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, lililokuwa likisimamia Tanganyika kama nchi iliyokabidhiwa kwa Uingereza. Mwaka mmoja kabla, ujumbe wa Baraza hilo ulikuwa umezunguka nchi yetu na kupendekeza kwamba Tanganyika inaweza kujitawala katika muda wa miaka 20 hadi 25, jambo ambalo Gavana Twining na serikali yake hawakulipenda hata kidogo. Nyerere aliomba jambo ambalo leo linaonekana dogo: ikubalike wazi kwamba nchi hii siku moja itaongozwa na Waafrika walio wengi. Aliporudi, uongozi wa shule ulimweka mbele ya uchaguzi: ama ualimu, ama siasa. Hakufukuzwa. Aliambiwa achague, na mwezi huohuo wa Machi aliandika barua ya kuacha kazi.

Ana miaka 32, ana mke na familia changa, na chama anachokwenda kukitumikia hakijatimiza mwaka, mfuko wake mwepesi. Barua ile ilimgharimu mshahara na nyumba kwa siku moja. Tunapowasimulia vijana habari za mashujaa tusiruke mahali hapa, kwa kuwa wao huona sanamu na noti za benki, hawaoni mama wa nyumbani akiuliza mwezi ujao watakula nini.

Na tusiruke jambo jingine, ambalo ni geni kwa wengi. Watu husimulia kana kwamba alishusha chaki asubuhi na kupanda jukwaani jioni. Haikuwa hivyo. Alirudi nyumbani Butiama. Kwa miezi kadhaa mwaka ule wa 1955 alifanya kazi na wamisionari wa Maryknoll wa upande wa Musoma, akimfundisha mmoja wao Kizanaki na kusaidia kutafsiri sehemu za Injili katika lugha hiyo. Ni mwezi wa Oktoba ndipo aliporudi Dar es Salaam na kujitoa kwa kazi ya chama moja kwa moja.

Sisi wachungaji tunaipenda sana miezi hiyo. Mtume Paulo, baada ya njia ya Dameski, anawaandikia Wagalatia kwamba hakukimbilia Yerusalemu bali alikwenda kwanza Arabuni. Luka katika Matendo haitaji Arabuni kabisa. Ni Paulo mwenyewe anayeikumbuka. Nyerere naye alikuwa na Arabuni yake, na huko alifanya nini? Alifundisha. Alishika kalamu. Yaani alikwenda kukaa kwanza na lile pendo aliloliacha, bila mshahara mkubwa na bila makofi, kabla ya kulifuata lile jingine. Kijana anayetaka kuamua kesho asubuhi kwa sababu dirisha la maombi ya chuo linafungwa, tungependa aifikirie miezi hiyo. Dirisha litafunguliwa tena mwakani.

Ni nini kilichoamua basi? Moyoni mwa mtu haingii mtu, wala hatutaki kumsemea marehemu. Yeye mwenyewe alizoea kusema kwamba ualimu aliuchagua, ila siasa ilimpata kama ajali. Kwa maneno hayo hakuamua kwa kupima ni lipi analolipenda zaidi; kama angepima hivyo, angebaki Pugu. Tukiangalia mambo yalivyokuwa, tunaona hivi. Somo la historia lingefundishwa Jumatatu iliyofuata na mwalimu mwingine, pengine si kwa ustadi uleule, lakini lingefundishwa. Huku upande wa pili, ile amri ya 1953 ilikuwa imewafunga mikono karibu wote wenye elimu. Mtu aliyesoma, asiye mtumishi wa serikali, aliyekwisha kusikilizwa New York, na aliyeaminiwa na wazee wa mjini na vijana pia, hakuwa rahisi kupatikana. Kwa hiyo hukumu yetu ni kwamba kiti kimoja kilikuwa na wa kukikalia, na kingine hakikuwa naye.

Walutheri tuna msamiati wa jambo hili, ingawa mara nyingi tunausahau na kukumbuka radi tu. Kila mwanafunzi wa Kipaimara anaijua habari ya tarehe 2 Julai 1505. Martin Luther, mwenye miaka 21, amemaliza shahada yake Erfurt na ameanza kusoma sheria kama baba yake Hans alivyotaka. Yuko njiani karibu na kijiji cha Stotternheim, radi inapiga karibu naye, anaanguka na kuweka nadhiri kwa Mtakatifu Anna kwamba atakuwa mtawa. Tarehe 17 mwezi huohuo anaingia katika monasteri ya Waagostino.

Habari hii ina hatari yake ikisimuliwa hapa kwetu, ambako kati ya Novemba na Aprili radi haikosi. Kijana anaanza kungoja ishara. Anafunga na kuomba ili Mungu apige jambo fulani, na asipopiga, anaona hakuitwa. Lakini Luther mwenyewe hakuitegemea radi yake. Mwaka 1521 alipoandika kitabu chake juu ya nadhiri za kitawa, alikitanguliza kwa barua kwa baba yake, na humo akakubali kwamba nadhiri ile ilitoka katika hofu ya kifo na ilipita juu ya neno la mzazi. Mungu alimtumia pamoja na nadhiri hiyo. Alichofundisha baadaye ni kitu tofauti kabisa na radi: kwamba wito si mali ya watawa na makasisi peke yao. Mama anayemwogesha mtoto, fundi viatu, hakimu, mtumishi wa ndani, kila mmoja yuko katika wito, kwa kuwa kupitia kazi yake Mungu anamhudumia jirani. Mungu hahitaji kazi zetu njema. Jirani ndiye anayezihitaji. Basi ukitaka kujua wito wako, muulize jirani yako anakosa nini.

Na Luther hakuwa mtu wa pendo moja. Alipiga zeze la Kizungu, aliimba, na mwaka 1530 alimwandikia mtunzi Ludwig Senfl kwamba baada ya theolojia hakuna kitu anachokiweka juu kuliko muziki. Hakuwa mwanamuziki wa kazi. Lakini mwaka 1524, akishirikiana na Johann Walter, alitoa nyimbo ambazo washarika wa kawaida waliweza kuziimba kwa lugha yao. Theolojia ilipewa kiti, muziki ukapewa stuli pembeni, na kutoka kwenye stuli hiyo tunaimba hadi leo.

Hapo ndipo tungependa kurudi nyumbani, kwa sababu Nyanda za Juu Kusini zina historia yake ya njia mbili, na haijasimuliwa vya kutosha.

Mwaka 1891 wamisionari wa Berlin na wa Moravian walifika kaskazini mwa Ziwa Nyasa, wakagawana nchi. Wamoravian walijenga Rungwe, na baadaye Utengule karibu na Mbeya ya leo, na Mbozi. Watu wa Berlin walipanda kuelekea Ubena, Ukinga na Uhehe, na huko Kidugala wakaanzisha chuo cha kuwaandaa walimu wenyeji. Katika vituo vyote hivyo neno lilikuwa moja: mwalimu. Aliyewafundisha watoto kusoma asubuhi ndiye aliyeongoza sala jioni, ndiye aliyewaandaa watu kwa ubatizo, ndiye aliyezika. Hapakuwa na kijana aliyesema anapenda ualimu na anapenda uinjilisti. Lilikuwa pendo moja.

Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yaliingia kutoka Nyasaland, na wamisionari wa Kijerumani wakaondolewa. Waskoti wa Livingstonia walisaidia walivyoweza, lakini kwa sehemu kubwa ya miaka iliyofuata, hadi Wajerumani waliporuhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920, makanisa haya yalibebwa na walimu hao. Usharika wenu ukiwa na zaidi ya miaka mia moja, upo kwa sababu yao.

Kisha ikaja fedha. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilipita Afrika Mashariki kuangalia elimu, mwaka 1925 serikali na misheni wakakutana Dar es Salaam, na utaratibu wa ruzuku ukaanza. Shule yenye mwalimu wa cheti, inayokaguliwa na kufuata muhtasari wa serikali, ingepata fedha. Shule ya msituni, yenye mwalimu mwenye katekisimu na ubao uliopasuka, isingepata. Hapo neno mwalimu likapasuka vipande viwili. Upande mmoja akasimama mwalimu wa cheti, mwenye mshahara na suruali iliyopigwa pasi. Upande wa pili akabaki mwinjilisti, anayelipwa kwa kikapu cha mahindi ya washarika na wakati mwingine bila hata hicho. Watu walewale waliobeba kanisa wakati wa vita waliambiwa sasa wachague. Wengi waliopenda yote mawili walikwenda kwenye cheti, na ni nani atakayewahukumu? Watoto walihitaji karo na blanketi. Wengine walibaki na uinjilisti. Kutoka katika ukoo huo wa walimu na wainjilisti kanisa letu likawapata wachungaji wake wa kwanza wenyeji.

Tunaitaja habari hii kwa sababu nyingine pia. Mara nyingi kijana anadhani mapenzi yake mawili yanagombana kwa asili, kumbe yanagombanishwa na mpangilio wa fedha, tahasusi za shule au amri ya mkubwa fulani. Ni vema kuuliza nani aliyezitenganisha njia hizi. Nyerere alitenganishiwa na gavana. Walimu wetu walitenganishiwa na ruzuku. Binti wa uuguzi na kinanda, tukimchunguza vizuri, hajatenganishiwa na mtu. Hospitali zetu za kanisa zina ibada kila asubuhi na hazina mpiga kinanda.

Mfano wa mbali kidogo utusaidie hapo. Albert Schweitzer, mwana wa mchungaji wa Kilutheri huko Alsace, akifika miaka 30 mwaka 1905 alikuwa mwalimu wa theolojia Strasbourg, mpiga ogani mashuhuri, na mwandishi wa kitabu juu ya Bach. Mwaka huo akaanza kusomea udaktari kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, kwa kuwa alikuwa amesoma katika gazeti la misheni kwamba huko Gabon hakuna madaktari. Rafiki zake walimwona amerukwa na akili. Alipofika Lambaréné mwaka 1913 alikuwa amekwisha kujiambia kwamba muziki umekwisha. Lakini Chama cha Bach cha Paris kilimpa piano yenye kanyagio za ogani, iliyotengenezwa kustahimili joto na unyevu, naye akaipiga jioni baada ya wagonjwa. Aliporudi Ulaya mara kwa mara, maonyesho yake ya ogani ndiyo yaliyosaidia kulipia dawa na mabati ya hospitali. Hatumsifu kwa yote: alimwita Mwafrika ndugu, lakini ndugu mdogo, na maneno hayo yanatuuma. Ila katika hili la njia mbili ana somo. Pendo lililoachwa liligeuka kuwa mtumishi wa lile lililochaguliwa.

Tungedanganya tukisema huwa hivyo siku zote. Mapenzi mengine yakiachwa hufa, na mtu huishi na kaburi dogo moyoni. Wapo wainjilisti wastaafu katika sharika zetu ambao wangeweza kuwa wahandisi, na macho yao hung'aa wanapoona daraja likijengwa. Mungu hajawarudishia daraja.

Na hata Nyerere, aliyerudishiwa kwa wingi, alilipa, na wengine walilipa pamoja naye. Mwalimu darasani hushawishi; mtawala ana polisi. Sisi wa makanisa tunakumbuka kwamba kwa Sheria ya Elimu ya 1969 mwalimu huyuhuyu, aliyelelewa na shule za misheni na kuzifundisha, alizitwaa shule zetu ziwe za taifa. Ilikuwa na sababu nzuri, ili mtoto wa Mwislamu na wa asiye na dini asikose nafasi, na wengi wetu tuliosoma shule hizo tulifaidika. Lakini wazee waliofyatua matofali yake walilia. Na Iringa haijasahau Krismasi ya mwaka 1971 huko Isimani, siku ambayo mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, katika ugomvi uliotokana na mashamba na vijiji vya ujamaa. Kleruu alikufa, na Mwamwindi akahukumiwa kunyongwa. Familia mbili zikaachwa na misiba. Ujamaa ulioandikwa kwa kalamu ya mwalimu ulifika Isimani kwa sauti ya amri. Hatusemi kwamba Nyerere angebaki Pugu damu ile isingemwagika; hakuna ajuaye. Tunasema kwamba kijana akichagua njia, asidhani amechagua tu raha na sifa zake. Amechagua pia makosa yatakayowezekana katika njia hiyo, ambayo katika ile nyingine yasingemfikia.

Katika mazungumzo yale ya jioni, basi, sisi hatumwambii kijana achague kipi. Tunamwomba afanye kazi fulani ya mguu. Kama ni uuguzi, aende akakae juma moja hospitalini, aone zamu ya usiku ina wauguzi wangapi. Kama ni muziki, azunguke mitaa mitano na kuuliza nani anafundisha kwaya. Aje atuambie ni wapi alikuta kiti kitupu. Aulize pia wanaomjua, mama yake, mwalimu wake, mzee wa kanisa wa mtaa wake, kwa maana wito katika kanisa letu haujathibitishwa na mtu mmoja peke yake. Hata mchungaji huitwa kwanza na usharika ndipo huwekewa mikono. Na baba anayetaka sheria peke yake tunamtembelea sisi wenyewe. Hans Luther alikasirika sana mwaka 1505, na hoja zake hazikuwa za kijinga.

Tumalizie habari ya Mwalimu. Mwaka 1963, akiwa Rais wa nchi yenye umri wa miaka miwili, alitoa tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare juu ya Julius Caesar. Mwaka 1969 akatoa *Mabepari wa Venisi*. Mtu anajiuliza saa za kufanya kazi hiyo alizipata wapi. Mwaka 1985 aliachia urais, mwaka 1990 akaachia uenyekiti wa chama, akarudi Butiama kwenye shamba na vitabu. Huko aliandika upya Injili zote nne kwa utenzi wa Kiswahili, Mathayo, Marko, Luka na Yohana, na Matendo ya Mitume pia. Vitabu hivyo vilitoka mwaka 1996, vikichapishwa na Wabenediktini wa Ndanda na Peramiho, upande wa kusini mwa nchi yetu. Alikuwa na miaka 74, na ilikuwa miaka 41 tangu alipokaa na mmisionari Musoma wakitafuta maneno ya Injili kwa Kizanaki.